Wiki ya Mshumaa wa Waridi

Kengele ya shule yetu ni birika.
Likipiga mluzi, vitabu vinatoka chini ya benchi,
bakuli za uji zinasukumwa kando,
na Zita anafuta meza kwa mkono wa sweta
ingawa nimemkataza mara sabini mara saba.

Nje ni Minnesota, Desemba,
nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Theluji imepanda hadi kwenye kioo cha jikoni,
na Konrad ameondoka saa kumi alfajiri
na greda la kaunti, kufungua barabara
ili wengine wawapeleke watoto wao shule.
Mwaka wa kwanza tulicheka. Sasa tumezoea.

Tunaanza kwa Ishara ya Msalaba.
Otilia, kitinda mimba, anajigusa paji, tumbo, pua,
anasema Amina, kisha anaomba jemu.
Halafu hesabu: mayai kumi na saba, walaji sita.
Kila mtu mawili, yanabaki matano na ugomvi.
Halafu Kilatini: Leocadia anakanda unga
huku akinyambua neno la mkate,
ngumi moja kwa kila kiambishi.

Na Ambrose.
Miaka tisa, na herufi bado zinamkimbia
kama kuku walioona kisu.
Kondoo wote anawajua kwa majina.
Litania nzima anayo kichwani,
mtakatifu mmoja hamruki;
lakini mfungulie ukurasa, na ukurasa ni ukuta.

Wifi yangu Gretchen alikuja na pai ya malenge
na swali lake: "Shule ya kweli wataanza lini?"
Nilimkatia kipande kikubwa.
Usiku nikaosha vyombo muda mrefu kuliko vyombo vyenyewe,
maji yakinisaidia kuficha.
Mimi nilikuwa karani wa benki.
Sehemu na desimali nimejifunza upya wanangu wakiwa wamelala,
kwa tochi, kama mwizi.

Usinipake rangi ya utakatifu.
Jumanne nilirusha kamusi.
Ilipiga kalenda ya parokia, ikaangusha Novemba na Desemba pamoja.
Nikapiga magoti pale pale kwenye makombo,
nikawaomba radhi wote wanne,
na Zita, kwa uso wa paroko,
akanipa kitubio: Salamu Maria tatu
na biskuti moja, apewe yeye.

Dominika tuliwasha mshumaa wa waridi,
ule wanaougombania kwa sababu zambarau, wanasema,
ni rangi ya kungoja tu.
"Furahini," alisoma Konrad.
Nilitazama nta ikichuruzika,
nikasema moyoni: Bwana, nafurahi kwa mkopo.

Leo asubuhi nilikuwa chumbani,
namfunga Otilia nepi, pini mdomoni.
Jikoni palikuwa na karatasi kwenye mlango wa friji,
mwandiko wa Konrad, mbaya kuliko wa watoto.
Nikasikia sauti ikitembea kwa kupapasa:

"Ni-me-chu... nimechukua chupa ya kahawa.
M-si-ni... msinisubiri mchana.
Mwambie Am..."

Kimya.
Kimya cha mtu aliyekutana na jina lake njiani.

"Mwambie Ambrose alishe kondoo."

Sikutoka. Sikupumua.
Hakuniita, wala hakupiga kelele.
Nilisikia buti zikivaliwa, moja na nyingine,
ndoo, komeo, baridi ikiingia hadi miguuni mwangu.

Dirishani nilimwona anavuka ua,
theluji magotini, ndoo inampiga pajani,
karatasi ya baba yake ameishika kwa meno.
Mlangoni pa zizi alisimama,
akaitoa, akaisoma tena,
labda kuwasomea wao.

Somo la historia lilichelewa.
Birika lilipiga mluzi,
na Leocadia akauliza kama alitoe motoni.
Nikamwambia, liache kidogo.
Liache lipige.