Futi Nane za Shaba

Weka chini huo waya, shemeji Mwakio,
huo wenye plagi pande zote mbili, meno huku, meno huku,
uliouunga juu ya meza ya jikoni
kwa tepu nyeusi na haraka ya baridi.
Najua. Siku ya tatu leo barafu inavunja matawi ya Lewiston,
maziwa ya mtoto tunayahifadhi nje ya dirisha,
na jenereta uliyoichukua kwa mkopo
imekaa barazani, haijakaribishwa ndani.

Unataka kuichomeka kwenye soketi ya mashine ya kukaushia nguo,
nyumba nzima iwake. Itawaka.
Lakini umeme haukomei kwenye mlango wako.
Utapita mita, utapanda nguzo,
transfoma iliyozoea kushusha itapandisha,
mia mbili arobaini zitatoka elfu saba,
na kule kona ya kanisa, ndani ya ndoo ya lori,
yuko Gaétan Thibodeau,
aliyetuazima beleshi msimu wetu wa kwanza wa theluji
akacheka tulivyolishika kama jembe.
Ameshika waya alioambiwa umekufa.

Wewe ndiwe ungeufufua.

Hakunijibu. Alichukua koleo
akaukata vipande vitatu, kisha vinne,
kama mtu anayeua nyoka asiyemwamini.

Usiku ule tulipitisha kebo moja tu, nene, ya rangi ya chungwa,
chini ya mlango: friji, taa, simu zetu.
Jenereta tuliisogeza hatua nyingi kutoka madirishani,
maana katika moshi wake mna hewa isiyo na harufu,
huingia bila hodi, ikakulaza moja kwa moja.
Mwakio alilala na koti. Mimi sikulala.

Machi, nikiwa na kibali cha mji mfukoni,
nilifunga swichi ya kubadilisha kando ya sanduku la fyuzi:
juu kampuni, chini jenereta,
katikati hakuna kitu.
Njia mbili zilimshinda fisi, nikamwambia,
hii haiwezi hata kujaribu.

Ndipo nikagundua nyumba haina mguu.
Waya wake wa ardhi ulifungwa kwenye bomba la maji la zamani,
na bomba, mwaka sijui gani, likabadilishwa kuwa plastiki.
Miaka yote tumekaa humu tukielea.

Tukangoja Mei, udongo ulegee.
Fimbo ya shaba, futi nane, nyundo kwa zamu.
Futi ya tatu tukagonga mwamba;
Mwakio akatukana kwa Kitaita, lugha aliyodai kuisahau.
Tukaiinamisha, ikapita ubavuni mwa jiwe,
ikazama polepole hadi kichwa kikalingana na nyasi.
Kitovu changu kilizikwa Wundanyi, chini ya mgomba.
Sikuwahi kuwaza kwamba ningezika kitu kingine
popote, kwa mikono yangu, nisitake kitoke.

Oktoba upepo uliangusha msonobari wa jirani.
Giza. Nikashusha mkono wa swichi, ukalia *tak*.
Mtoto hakuacha hata kuchora.

Dirishani nikamwona Gaétan akiinuliwa taratibu
na taa kichwani, mvua ikimpiga usoni.
Akaupima waya. Akaupima tena.
Akaushika,
na waya haukuwa na la kusema.