Mizani ya Bafuni

Kibandiko kipo mlangoni, upande wa dereva,
chini ya kitasa, mahali ambapo mtu hatazami
ila akiangusha senti.
Miaka mitatu nimefungua na kufunga mlango huo,
asubuhi za barafu, asubuhi za tope,
nisijue kuwa gari limeandika kikomo chake
kwa herufi ndogo kama chawa.

Muuzaji alisema: Hili? Hili linavuta chochote.
Akalipiga bodi kofi, kama anayesifu ng'ombe.
Kiuno limeinua kama jipu la vita,
moyo wake ni wa cherehani.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
na kinywa cha muuzaji hakina ekseli.

Thunder Bay, mwisho wa Mei. Ziwa bado linapumua baridi.
Nyuma ya nyumba ya Bi Aili Koskela
kuna karavani la rangi ya maziwa,
matairi yamezama kwenye nyasi.
Marehemu Reino alilivuta kwa pikapu. Pikapu iliuzwa.
Saumu wangu keshachagua mapazia,
watoto wameshagombania kitanda cha juu.

Bi Aili hakuuliza pesa.
Aliuliza: Gari lako linavuta kilo ngapi?
Nikasema: Linavuta.
Akasema: Sikukuuliza kama linavuta.

Tukainama mlangoni, yeye na miwani,
mimi na tochi ya simu,
tukasoma kama warithi wanaosoma wosia.
Abiria na mizigo, jumla, kilo mia nne.
Kitabu cha gari kilikuwa bado ndani ya nailoni:
kuvuta, mia sita na themanini;
uzito wa ulimi wa tela juu ya kulabu,
sitini na nane, usizidi.

Karavani tupu lina mia tano na sitini.
Nikacheka.
Tupu, akasema. Lini umewahi kusafiri tupu?
Kila lita ya maji ni kilo. Mtungi wa gesi. Betri. Magodoro.
Sufuria ya ubwabwa ambayo Saumu haiachi hata akienda hospitali.
Na kile kinacholalia kulabu kinahesabiwa pia tumboni mwa gari,
pamoja na wewe, na watoto watatu, na mkeo.
Nilimpima Saumu kwa macho. Nikanyamaza.

Shuleni nilifundishwa mizani kwa kuhesabu silabi,
nane huku, nane huku, mshororo usifurike.
Sikudhani nitairudia somo hilo
nikiwa nimepiga magoti kwenye majani ya Ontario,
mbele ya mizani ya bafuni, ya waridi,
yenye alama za nyayo zilizochakaa.

Tukaulaza ulimi wa tela juu yake.
Mshale ulipita sitini na nane bila kupiga hodi.
Mia na kumi na mbili.

Bi Aili alifikiri kidogo, kisha akafungua sanduku la mbele.
Mawe.
Meusi, laini, ya bafu lao la mvuke,
moja kutoka kila ufuko walikolala.
Alisahau, alisema. Au hakusahau.
Akayatoa moja moja, akiyataja:
Nipigon. Rossport. Marathon, mwaka wa mvua.
Mimi nasoma mshale:
tisini na nane. Themanini na tatu. Sabini.

Yanatosha? nikauliza, ulipofika sitini na moja.
Yanatosha. Ukizidi kupunguza mbele
litaanza kutikisa mkia barabarani,
na mkia ndio utakaoendesha gari.

Tulikubaliana bei. Maji tutajaza huko huko.
Saumu atapika kwa sufuria ndogo; hilo bado sijamwambia.

Nilipokuwa nakunja ubao
Bi Aili alipanda juu ya mizani mwenyewe,
jiwe la Wawa mkononi, la mwisho.
Akainama, akasoma.
Hakuniambia.