Sekunde Thelathini, Tsageri

Nugzari, nilikuamsha saa nane usiku
kwa kosa la mstari mmoja.
Ulidhani kuna maiti.
Nikasema hapana, ni daraja,
ukanyamaza, kisha ukauliza lipi,
la juu au la kwenye kinu?

Hilo huwezi kulikanyaga, mzee wangu.
Limo ndani ya sanduku jeusi
katika ghala la mashuka, chini ya ngazi za hospitali,
ambalo paka wako hulilalia kwa ajili ya joto.
Humo wanaishi wageni watatu, mashine pepe:
mmoja hutunza hesabu za damu,
mmoja majina ya wagonjwa,
wa tatu husubiri picha za eksirei
ambazo hazijawahi kumfikia.

Miaka miwili wamepanga kwa mwenyeji
bila mlango wao wenyewe.
Barua zao zote huja kwa jina lake,
naye huzisambaza anavyojua.
Mgeni njoo, mwenyeji apone,
lakini mwenyeji huyu alikuwa hoi,
na eksirei ilipobisha hodi
hakuna aliyeitikia karibu.

Basi mimi, Pikria, nikiwa Kutaisi,
miguu ndani ya beseni la maji moto,
kilomita themanini za theluji kati yetu,
nikaona nijenge.
Nikaunda daraja, nikalipa jina,
nikawafunga wageni kwake mmoja mmoja,
nikaiambia kadi ya mtandao iwe mmbea,
ipokee kila pakiti, hata isiyo yake,
kisha nayo nikaifunga.
Nikabonyeza.

Nilichosahau ni anwani.
Ilibaki kwenye kadi, na kadi iliyofungwa darajani
haina tena kauli: ni ubao tu, wengine wapite.
Nami nilikuwa nimesimama juu ya anwani hiyohiyo.
Kishale kikaganda.
Sikusikia hata kishindo.

Herufi za Kilatini huzijui.
Unajua zetu, zilizopinda kama vishikio vya vikombe,
na zile ulizofundishwa jeshini.
Kwa hiyo tukaandika kwa maumbo.
Kijiti chenye nukta kichwani.
Kijiti chenye tumbo juu. “Ah, r ya Warusi!”
Hiyohiyo, Nugzari, ingawa si r.
Sasa gumba kwenye ule mfupa mrefu wa chini.
Kijiti chenye tumbo chini. Tawi lililokatwa. Yai.

Ulikuwa na kidole kimoja na miwani ya mkeo.
Mara mbili mashine ilikukatalia,
mara mbili uliijibu kwa matusi
niliyokuwa sijayasikia tangu babu afe.
Dakika arobaini, tarakimu kwa tarakimu,
tukaing'oa anwani kwenye kadi
tukaihamishia darajani.

“Kimya,” ukasema. “Limekufa.”

Halijafa. Daraja likizaliwa
husikiliza kwanza, sekunde kumi na tano,
halipitishi kitu.
Kisha sekunde kumi na tano hujifunza
nani anaishi upande upi.
Haliulizi ukoo wala shida, mlango tu.
Sijaona mtu mwenye subira hiyo,
na mimi ndiye niliyeolewa mara mbili.
Tukangoja nalo. Nikasikia kuni zako zikipasuka,
paka akikwaruza mlango,
nawe ukihesabu kwa Kirusi, chinichini,
kama askari aliyewekwa lindo.

Ishirini na nane. Ishirini na tisa.

Skrini yangu ikajibu.
Na nyonga ya mtu nisiyemjua,
iliyokwama njiani tangu Jumanne,
ikaanza kushuka mstari kwa mstari, nyeupe,
ikaingia kwa mgeni wa tatu.

Nugzari, umelala?
Jambo moja bado. Sijaliandika kwenye faili.
Limo kichwani mwa mashine tu;
umeme ukikatika litasahaulika
nasi tutarudi kwenye vijiti na mayai.
Naifungua faili sasa hivi.
Mpaka nikwambie, usizime chochote,
na paka mwache palepale.