Penseli Tatu, Uso Mmoja

Nilizinunua Barabara ya Saba, moja moja,
kama mtu anayechagua kuku,
nikizinusa kwenye ncha
hadi mwenye duka akauliza,
"Mama, unanunua au unakula?"

Ya kwanza nyeusi, mkanda wa dhahabu shingoni,
elfu nne kasoro mia mbili:
kilo mbili za sembe hizo.
Ya pili ya buluu, pembe sita, imegongwa HB.
Ya tatu haikupakwa rangi. Mti mtupu,
unanukia kasha la nguo za sikukuu.

Kwanza nikaziandikia, maana mwandiko hauna aibu.
Niliandika jina la baba: Yeremia Sakalani.
Ya buluu ilitembea kama karani wa mahakama,
ikamaliza ukurasa na ncha bado inachoma.
Nyeusi iliteleza, mafuta ya alizeti kikaangoni;
kufika "Sakalani" ilishakuwa butu
na ubavu wa kiganja changu umeota masizi.
Mti mtupu ulikwaruza kidogo.
Nilipenda kusikia ninachoandika.

Kama ni barua, basi, chukua ya buluu.
Mimi sikuwa na barua.

Baba hakuacha picha.
Ile moja mchwa waliila, fremu na kioo wakakiacha.
Kwa hiyo nikaenda Mvumi na karatasi nzito,
nikakaa uani, shangazi Mbeleje kulia,
shangazi Nhonya kushoto,
upepo wa Julai ukitutia vumbi hadi kwenye meno.

Nikaanza na nyeusi.
Jicho lilitoka mara moja, lina maji, lina usiku ndani.
"Lo, jicho zuri," akasema Mbeleje. "La nani?"
Nikafuta. Halikufutika, lilisambaa;
baba akawa mtu aliyepigwa ngumi kilabuni.
Karatasi ile iliwasha jiko la chai.

Ya buluu ilifutika, lakini ilikuwa imechimba.
Kila pua niliyoikana ilibaki mfereji
ambamo risasi mpya iligoma kuingia.
"Huyu amekuja kudai kodi," akasema Nhonya,
akageuza uso.

Basi, mti mtupu.
Risasi yake si laini, si ngumu,
ina chenga kwa mbali, kama ugali wa uwele.
"Paji lilikuwa pana." Nikapanua.
"Si pana hivyo." Nikafuta.
"Pua ilipinda kulia, ng'ombe alimpiga."
"Kushoto! Mimi ndiye niliyemkanda."
Nikachora, nikafuta, nikachora,
ufutio ukaisha hadi punje ya karanga,
na kila nilichofuta hakikuondoka chote:
kilibaki kijivu, chini ya ngozi ya karatasi,
ukungu wa pua zote walizozigombania.

Shangazi wakanyamaza pamoja.
Jambo hilo sijawahi kuliona.
Nhonya alivuta ncha ya kitenge akaziba mdomo.
"Acha hapo hapo," akasema. "Usimguse tena."

Nikapuliza vumbi la ufutio, nikadhani nimemaliza.
"Na penseli yake?" akauliza Mbeleje.

Penseli yake. Bapa, nyekundu, ya useremala,
aliyoichonga kwa patasi, si kwa wembe,
akaichomeka juu ya sikio asubuhi
akasahau kuitoa: akala nayo, akasali nayo.
Hata waliomwosha walisema
palikuwa na kijishimo pale, kimelala, kinaingoja.

Nikazitazama tatu zangu pajani.
Nyeusi ingeipa wekundu wake uzito.
Ya buluu ingezipata kona zake.
Mti mtupu umebaki kipande cha kidole.
"Ilikuwa ndefu kiasi gani?" nikauliza,
nikipimia hewani, hivi, au hivi.

"Fupi," akasema Mbeleje.
"Kila akinunua aliikata katikati.
Nusu ya pili ulikuwa unaitafuna wewe."