Mwangwi

Manowari yetu ilipewa jina la ua,
ikapelekwa kwenye maji yasiyoota hata jani.
Nyuma ya pazia la turubai nilikaa mimi,
Cyril Mumby, mtoto wa wavuvi wa Grimsby,
vipokea sauti masikioni, mkono kwenye usukani mdogo,
nikitupa mlio chini ya bahari
kama apigaye hodi nyumba asiyoijua.

Mlio usiporudi, hakuna mtu.
Ukirudi, umegonga kitu:
chuma, au nyangumi, au maji baridi
yaliyolalia maji baridi zaidi.
Au samaki.

Nyuma yetu meli thelathini na moja za mizigo,
vifaru, viatu, unga, nyama ya makopo,
zikienda Murmansk katika usiku ambao asubuhi yake
ilikuwa imeahirishwa hadi Januari.
Barafu ilinenepa kwenye kamba na vyuma;
tuliipiga kwa shoka, kwa nyundo, kwa mwiko wa mpishi,
maana ikituzidi uzito ingetupindua kama bakuli.
Pritchard alishika mnyororo bila glavu.
Aliacha ngozi ya vidole vinne pale, kama sahihi.

Siku ya tano mwangwi ulirudi laini pembezoni,
kama kitu kilichoviringishwa sufu.
"Samaki," nikasema.
Nahodha hakuwa mtu wa kamari: "Basi tuwaue samaki."
Mapipa ya baruti yakaenda chini,
bahari ikainuka, ikakaa,
kisha matumbo meupe yakaanza kuelea, mamia, ya chewa.
Tulikula mpaka tukalegeza mikanda.
"Mumby," walinitania, "lini unatuitia wengine?"

Sijui kama ni kicheko kile.
Siku ya tisa, saa tisa za usiku, mwangwi tena,
laini. Karibu laini.
Mapipa yalibaki kumi na moja;
watu walikuwa wamelala na buti miguuni.
"Samaki," nikasema, kwa mdomo uliojaa uhakika.

Meli ya tatu, safu ya kushoto, haikupiga kelele.
Ilifunguka ubavu kama mlango,
na unga wake ukatanda juu ya maji,
mweupe, mwingi, ukikandwa na mawimbi.
Walikuwemo watu arobaini na wanne. Tuliopoa sita.
Maji yale humhesabia mtu dakika, wala hayakopeshi.
Hakuna aliyenilaumu. Kitabuni nahodha aliandika:
mwangwi usio na uhakika.
Maneno manne. Nimeishi ndani yake tangu hapo, kama mpangaji.

Gatini Murmansk theluji ilikuwa nyeusi kwa masizi.
Karani alikuwa mwanamke, Klavdia,
koti lake limeshindiliwa pamba, penseli inaning'inia shingoni kwa uzi.
Alisoma majina ya meli kwa ulimi uliokuwa ukiyavunja,
na kwa kila jina winchi moja iliitikia.
Akafika kwenye lile.
Akanitazama. Sikuwa na neno hata moja la Kirusi.
Nikaelekeza kidole chini.

Hakulifuta. Alilowesha penseli kwa mate,
akauacha mstari mtupu,
akaendelea na jina lililofuata.

Baadaye akarudi. Mfukoni mwake karatasi,
ndani ya karatasi mkate mweusi na nusu ya samaki wa chumvi,
katika mji uliokuwa ukila kwa gramu.
Akaumega. Upande wenye nyama akanipa mimi.
Kukataa sikukujua kwa lugha yake;
kwa lugha yangu nilikuwa nimeshasema ya kutosha.
"Selyodka," akanifundisha, akimgonga samaki kwa ukucha.
"Selyodka," nikasema,
na mara hii sikukosea.

Tulikula tumesimama,
kwa sababu vifaru vilikuwa vinashushwa
na hapakuwa na pa kukaa.