Askari wa Risasi

Tulikodi ukumbi wa nyuma ya kanisa, pale Bethesda,
siku mbili baada ya Krismasi,
maana katika ukoo wetu hakuna nyumba
yenye sebule ya kutosha vita vyote hivi.
Meza saba tukaziunga kichwa kwa mkia,
tukatandika shuka la kijani la kitanda cha Mama,
na chini ya shuka vitabu vya tenzi: ndiyo milima.

Nje, mvua ya huku kwetu Welisi:
haianzi, haikomi, ipo tu, kama shangazi.

Gethin alikuja na mbilikimo mia nne,
kila mmoja na shoka, kila mmoja na kinyongo.
Mjomba Idwal, fundi bomba mstaafu,
akashusha wafu wanaotembea
kutoka masanduku yaliyoandikwa VIUNGO NA KOKI.
Mimi nikapewa mazimwi, kama kila mwaka.
Nimekuwa zimwi tangu nina miaka sita,
na sikuwahi kuuliza kwa nini.

Askari wa risasi, wengi wao, wale wa zamani,
waliomiminwa kalibuni kabla plastiki haijatawala.
Siku mbili nzima, wala risasi haikulia.
Zililia dadu, kwenye sinia la keki.

Wanasema tembo wakipigana ziumiazo nyasi.
Nyasi zetu ni unga wa mbao uliotiwa rangi na gundi;
nilichoona kikiumia ni mgongo wa Idwal,
kainama na futi kamba:
“Inchi saba. Saba na nusu.
Macsen, usiegemee meza, unaleta tetemeko!”

Baba ndiye aliyewapaka rangi wote.
Usiku, taa ya kubana, kioo cha kukuzia,
brashi ya nywele tatu.
Alizuia pumzi akichora mboni ya jicho,
jicho la mtu asiyefika kidole gumba.
Nani ataiona, Baba?
“Yeye ataona.”
Mkono ulipoanza kumtetemeka
macho yao yakazidi kuwa makubwa.
Kikosi chake cha mwisho, wapiga mishale,
wote wanaonekana kama ndio kwanza wamepewa habari.

Sheria yake ilikuwa moja:
asiyepakwa rangi haingii vitani.

Sasa Macsen, miaka tisa, kafungua sanduku la viatu,
kapanga ukingoni thelathini na mmoja, kijivu kitupu,
pale pale Babu alipoishia.
“Na hawa wanataka kucheza.”
Gethin akamtazama Idwal.
Idwal akaitazama chai yake.
Mama, miaka thelathini na nne hajagusa dadu,
akaweka kisu cha keki chini.
“Hao ni wangu,” akasema.

Akarusha.
Moja. Moja. Moja. Mbili. Moja.
Joka la Gethin likawamaliza kwa pumzi moja.
Mama alicheka hadi akashika kiti,
akajifuta macho kwa kitambaa cha meza,
akasema, “Na yeye alikuwa hivyo hivyo.
Sita aliziona kwa majirani.”

Saa kumi na moja kwaya wakabisha hodi.
Tukakunja milima, tukarudisha tenzi rafuni,
wafu kwenye koki, mbilikimo kwenye sponji.
Hakuna aliyeshinda.
Idwal bado ananipigia simu Jumapili:
zamu mbili tu, anasema, mbili tu zaidi.

Machi, nikitafuta funguo, nikamkuta mmoja
ndani ya bitana ya koti langu, kijivu, upinde umepinda.
Sijui nilimchukua lini.
Rangi ninazo. Brashi ninayo.
Nimemweka dirishani juu ya sinki,
anayalinda mapipa ya taka ya Bibi Prydderch,
hana macho bado,
na kila nikiosha vyombo namgeuza kidogo
asilowe.