Huo Wimbo Unaishaje?

Kipindi ni cha usiku, ila tunakirekodi saa kumi na moja,
jua bado limening'inia upande wa Mto Hudson,
na watu waliopanga foleni tangu adhuhuri
wanafundishwa kupiga makofi
kama wageni wa harusi wasiomjua bwana harusi.

Mimi hukaa kushoto kwa meza ya mtangazaji,
nyuma ya ngoma za Wendell, chini ya moto wa taa,
besi begani. Miaka kumi na mitatu.
Nchi nzima inanijua kiwiko.

Kazi yenyewe ndiyo hii:
mtangazaji akisema, "Msiende mbali,"
Odalys anauangusha mkono kwenye kinanda, tunaingia.
Sekunde nne, za televisheni.
Halafu huko majumbani kinakuja kidonge cha kiungulia,
bima ya gari, mbwa anayecheka,
na sisi humu tunaendelea,
dakika tatu na nusu, nyama na mifupa,
tarumbeta ya Delroy ikipanda ngazi ambazo jengo hili halina,
mpaka yule msichana mwenye vipokea sauti
anyanyue vidole vitano, vinne, vitatu.
Tunakata. Popote tulipofika, tunakata,
kama mtu aliyesikia hodi
akaacha tonge hewani.

Mia nne wanakula. Mamilioni wanaonjeshwa.

Mwimbaji mgeni huja na watu wake,
nasi dakika hizo za mwisho twashuka jukwaani,
twatafuna karanga nyuma ya pazia
tukisikiliza wenzetu wakimaliza walichokianza.

Februari ile theluji ilifunga barabara ya Newark.
Maren Tkachuk alikuwa ameshafika, binti wa Saskatoon,
gauni la kijani, buti za kiume, sauti ya msasa.
Mpiga besi wake bado yuko kwenye basi, katikati ya malori.
Akauliza, "Yule mzee anaweza?"
Mzee ni mimi. Nina miaka hamsini na mmoja.
Akanichorea wimbo nyuma ya risiti ya kahawa,
mishale, herufi mbili tatu, kisha: *hapa nisubiri.*
Nikamsubiri,
hadi mwenyewe akageuka kunitazama.

Kesho yake usiku dada yangu Mwantumu akapiga kutoka Muheza.
"Nimekuona! Kwenye simu ya mtoto wa jirani.
Mkono tu, lakini nimeujua.
Si ndio uliokuwa ukiniibia maandazi?"
Mkono aliouona una pete.
Mimi sina pete tangu mwaka juzi.
Sikumsahihisha.

Kisha akauliza jambo ambalo miaka yote hiyo
hajaniuliza mtu, si mhasibu wa kituo, si mke:
"Na ule mwingine, mnaoupiga kabla ya matangazo,
ule wa pa-ra-paa,
huo wimbo unaishaje?"

Saa nane za usiku, Queens.
Nikaiegemeza simu kwenye chupa ya mafuta ya kupikia,
nikaitoa besi mfukoni mwake, bila spika,
nyuzi zikawa zinanong'ona kama mchele kwenye ungo.
"Ongeza sauti," akasema.
"Ndiyo sauti yake."
Akanyamaza. Nikasikia jogoo wake, na ndoo ikiburutwa.
Nikapita mwanzo, nikapita pale tunapokatiza,
nikaingia mtaa ambao kwenye televisheni haujawahi kujengwa,
na yalipobaki mapigo ishirini hivi
bando lake likakata.

Kioo cha simu kikaniletea tangazo la godoro.

Nikaumaliza hivyo hivyo, jikoni, nimevaa soksi.
Unaishia kwenye uzi mnene kabisa, ule wa juu,
unaachwa utetemeke hadi uchoke wenyewe.
Ghorofa ya chini mtu akaligonga bomba la joto
mara mbili.